Kisu Kilichokataa Jiwe

Nilikipata kile kisu katika mfuko wa ndani wa koti la mvua. Mimi huuza makoti ya mitumba katika mtaa wa Donholm, na kabla ya kutundika koti lolote hupapasa mifuko yake yote, maana watu wa ng'ambo husahau vitu: leso, tikiti za treni, na mara moja meno ya bandia. Safari hii kidole changu kiligonga kitu kizito. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini mweusi, bapa fupi pana, na herufi na nambari ndogo zimechorwa karibu na shina lake. Nikajaribu kukata uzi wa lebo ya koti. Wapi! Kilikuwa butu kama kijiko.

Jioni nikampelekea mume wangu nyumbani Tassia. Chege hutengeneza kalibu za chuma za kumiminia plastiki katika karakana moja ya Industrial Area, na mapenzi yake kwa chuma nimeyazoea. Alikigeuza chini ya taa, akazisoma zile nambari, akatafuta kitu kwenye simu, kisha akaniangalia uso umechanua.

"Mama Mugo, unajua umeniletea nini?"

"Kisu."

"Hiki si kisu cha dukani. Hiki chuma kimetengenezwa kwa unga wa vyuma vikali, ukashindiliwa pamoja kwa moto. Ukikipa makali, hayaishi upesi."

"Basi kipe makali, tukatie nyanya."

"Nyanya!" akasema, kama nimemtusi. "Nitakatia kiande."

Hapo nikaacha mzaha. Mimi na Chege tulikuwa tumeishi pamoja miaka mingi, tukapata mtoto wetu Mugo, lakini ngurario, ile sherehe yetu sisi Wakikuyu ya kukamilisha ndoa, hatukuwa tumeifanya. Sasa siku ilikuwa imepangwa, nyumbani kwa mama yangu Donholm. Siku hiyo bwana harusi hukata bega la mbuzi, hicho kiande, mbele ya watu wote. Akilikata vizuri kwenye kiungo, ndoa imekubalika. Akihangaika, wanawake humcheka hadi machozi. Wenzake Chege walifundishwa kukata nyama na baba zao. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa, lakini kila tulipoalikwa ngurario ya mtu, nilimwona akikodolea macho mikono ya bwana harusi.

Kesho yake tulimngoja Maingi, mnoa visu anayezunguka mtaani na baiskeli yenye jiwe la kuzunguka. Maingi alikanyaga pedali, akakigusisha kisu jiweni, akakanyaga tena. Kisha akasimama, akalipapasa jiwe lake kwa masikitiko.

"Chege, hiki kinakula jiwe langu. Jiwe lenyewe halikigusi. Kichukue kabla hakijanifungia kazi."

Chege hakukata tamaa. Alijaribu jiwe la kazini, akajaribu tofali, akajaribu hata ngazi ya saruji ya ploti yetu. Kila jioni nilipokuwa nikipika, nilimsikia kwenye baraza, shwa, shwa, shwa. Halafu kimya, akijaribu kunyoa vinyweleo vya mkono wake. Halafu anahema. Halafu shwa, shwa, tena.

Jioni moja mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yetu wa mkabala, Mohamednur, mume wa Ilwad.

"Samahani, jirani. Ilwad amenituma. Anasema kama mnasaga mahindi kwa jiwe, yeye ana blenda, awaazime."

Nilicheka hadi nikaketi. Chege akamwonyesha kisu kwa aibu kidogo. Mohamednur ni fundi wa kuweka mawe ya granite kwenye meza za jikoni. Alikishika, akapitisha ukucha kwenye ukingo, akasikiliza habari za Maingi na jiwe lake.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza. "Ndani ya chuma kama hiki kuna chembe ngumu kuliko jiwe unalolitumia. Unakisugua tu mgongo. Granite mimi naing'arisha kwa nini? Kwa almasi."

"Almasi?" nikauliza. "Ya pete?"

"Vumbi lake tu, mama. Ukiona pete kwangu, mwambie Ilwad, maana hata yeye hajaiona."

Jumamosi alasiri wakapanda juu ya paa, kwenye kamba za nguo, wakiwa na visahani vya mpira vya kazi ya Mohamednur, vyenye vumbi la almasi. Walivigandisha kwenye vipande vya vigae. Mimi nilikuwa nikianua shuka, kwa hivyo niliona yote. Mohamednur alimwagia maji kigae chenye kisahani cha kukwaruza zaidi. Chege akalaza bapa, akaliinua kidogo tu, akasukuma taratibu kama mtu anayemenya ganda jembamba la embe. Safari hii sauti ilikuwa nyingine, nzito, na maji yakaanza kuwa meusi.

"Hicho cheusi ni chuma," Mohamednur akamwambia. "Sasa kinakubali."

Walifanya upande mmoja mpaka Chege akahisi kwa kidole gumba unywele mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Wakageuza. Kisha wakahamia kisahani laini, na kingine laini zaidi, wakimalizia kwa mkanda wa suruali uliopakwa dawa ya kung'arishia. Walizungumza kidogo sana. Nilibaki pale na shuka mabegani, sina tena kazi ya kufanya, nikimwangalia mume wangu akiinamia kile kigae na ncha ya ulimi imetoka nje. Nilimpenda sana saa ile.

Alipomaliza alinyoa vinyweleo vya mkono. Vikaanguka vyenyewe. Akanyoa tena, na tena, hadi mkono ukawa na viraka kama mbuzi mwenye upele.

"Acha!" nikamwambia. "Utaingia ngurario umenyonyoka."

Mohamednur akanawa mikono. "Kisu kikali hakijui njia, Chege. Kiungo ukitafute kwa kidole kwanza. Kisu kinafuata."

Wakati huo ndipo Chege akamwomba jambo ambalo hata mimi sikulijua. "Nataka uchinje wewe yule mbuzi, awe halali kwenu. Nimeshaongea na wazee. Sitaki siku hiyo wewe na Ilwad mle chapati peke yake."

Mohamednur alimtazama, kisha akamshika bega, akaacha mkono pale.

Siku ya siku ikafika. Bega lilipowekwa mezani, shangazi yangu Annah, ambaye hajawahi kukosa utundu, akamkabidhi Chege kisu butu cha jikoni, na wanawake wakaanza kuguna kwa kicheko. Chege akakiweka kando kwa heshima, akatoa chake mfukoni, akakifungua.

"Ati kisu cha mfukoni!" shangazi akanigeukia na kupaza sauti. "Shiku, umeolewa na mmenya viazi?"

Nyama ilifunguka kama siagi. Lakini alipofika ndani, kisu kikagonga mfupa, akasukuma tena, kikagonga tena. Vicheko vikapanda. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake.

"Baba Mugo," nikamnong'oneza, "kidole kwanza."

Akasimama. Akaingiza kidole gumba, akapapasa, akafumba macho kidogo. Kisha akapitisha ncha mara moja tu, na bega likaachana bila kelele. Vigelegele vikapasuka. Alinilisha kipande cha kwanza, nami nikamlisha, mafuta yakitiririka mikononi mwetu. Kwenye meza ya pili nilimwona Ilwad akipiga makofi na Mohamednur akitafuna kwa utulivu wa mtu aliyejua tangu mwanzo.

Mama yangu, Wakiuru, hakupiga kigelegele. Miaka yote ile alikuwa akimwita mume wangu "yule wa Tassia", na mbele yake Chege alizungumza kama mgeni wa ofisini. Watu walipoanza kutulia, mama alisogeza kiti chake, akamnyooshea sahani.

"Chege, mwanangu," akasema. "Kaa hapa. Nikatie vipande vidogo, mifupa hii siiwezi."

Chege akachutama kando yake, akaanza kukata, kipande baada ya kipande, na mama akawa anakula.