Kwa Jina la Mwenye Kontena

Kazi yangu ni kufunga marobota. Godauni letu liko huku Uchina, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na kila wanachonunua wenzetu kwenye masoko ya Shahe na Liuhua, nguo, viatu, mapazia, kinapita mikononi mwangu kabla ya kuingia kwenye kontena la Hafidh, tajiri wangu. Mfanyabiashara mdogo hawezi kujaza kontena peke yake, kwa hiyo mizigo ya watu wengi inasafiri kwa jina moja. Mimi naandika jina la mwenyewe juu ya robota kwa wino mweusi ili lisipotee Dar, lakini kwenye makaratasi vyote ni vya Hafidh. Mtindo huu umelisha watu, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba walifanya hivyohivyo kwa mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Swalha, binti wa Mwanakhamis, dada yake Hafidh. Mwanakhamis alitoka naye Unguja akiwa mdogo, kamshika mkono. Visa ikaisha, biashara haijaisha, akabaki. Kila mwaka alisema mwakani atarudi. Swalha akakulia kwenye korido za mtaa wa Xiaobei. Kichina alijifunza kwa watoto wa wauza mboga, na masomo kwa Auma, mwalimu wa Kikenya aliyefundisha watoto wetu sebuleni kwake. Alipokuwa msichana mkubwa, akiongea na laoban, yaani mwenye duka, tajiri mwenyewe anaona aibu kupandisha bei. Mama yake hakujua zaidi ya "mei you", hakuna. Swalha ndiye aliyekuwa mdomo wake.

Lakini sifa yake ilikuwa hospitali. Mwanamke wetu akipata mimba hapa, anamwambia Swalha kabla ya kumwambia mume. Swalha atampeleka, atamsemea, atamshika mkono mpaka mtoto alie. Huko ndiko Daktari Liang alikomwona. Ni mama wa makamo, mkali, anayesimamia wodi ya wazazi. Siku moja alimuuliza, "Wewe, kwa nini husomei kazi hii?" Akamtafutia chuo cha uuguzi kinachopokea wageni na kuwalipia ada na bweni wanaofaulu mtihani. Sharti ni pasipoti na kibali cha kukaa nchini. Swalha hakuwa na kibali. Hakuwahi kuwa nacho.

Kikao kilifanyika godauni, mimi nikifunga mapazia. Alikuwepo Khatib, katibu wa chama chetu cha watu wa nyumbani, mtu wa polepole.

"Arudi nyumbani kwanza," Khatib alisema. "Ajitokeze mwenyewe uhamiaji, aseme aliletwa akiwa mtoto. Nimeshaona waliosamehewa wakapanda ndege salama. Akifika Unguja aombe visa ya masomo kwa jina lake, na barua ya daktari mkononi. Atapoteza mwaka, basi."

"Na wakimnyima?" Mwanakhamis akauliza. "Yeye kule, mie huku. Mie nikitoka hapa sirudi tena, Khatib, unajua."

"Mwaka mzima wa nini?" Hafidh akadakia. "Hasna si yupo?"

Hasna ni binti yake mkubwa. Alikuwa anaishi hapa kwa kibali cha baba yake, akarudi Unguja kuolewa. Kibali chake kilikuwa bado hai.

"Pasipoti yake italetwa na abiria, Swalha aitumie," Hafidh alisema. "Wanafanana kama walozaliwa pamoja. Na hawa Wachina wenyewe, kwani wanatutofautisha?"

Pasipoti ililetwa, imefungwa kwenye soksi. Niliifungua nikaona ukurasa wa mwisho.

"Hafidh, hapa pana muhuri wa kutokea uwanja wa ndege wa Baiyun."

"Baba Nelly, umekuwa afisa uhamiaji lini? Funga mizigo."

"Nafunga. Lakini muhuri upo."

"Nani anasoma mihuri? Wanaangalia picha na tarehe." Akaninyang'anya, akampa Swalha.

Swalha aliitazama ile picha muda mrefu. "Mjomba, daktari ananijua kwa jina la Swalha."

"Mwambie hilo la nyumbani. Nani kwetu ana jina moja?"

"Na cheti kitatoka jina la Hasna."

"Kitakuwa mkononi mwa nani? Mwako! Wataka cheti au wataka jina?"

"Nataka vyote viwili," Swalha akasema.

Hafidh akacheka. Mwanakhamis hakucheka. Alimvuta binti yake pembeni, lakini godauni halina pembeni, tulimsikia wote. "Mwanangu, kubali. Mjomba wako ndiye baba yako hapa. Usiniache."

Ningelilaumu neno hilo, lakini mama aliyeishi miaka yote akijificha anaogopa kitu kimoja tu, kubaki peke yake. Swalha akakubali. Mtihani akafaulu, nafasi akapata, mwezi wa tisa akaingia bweni kwa jina la Hasna Hafidh.

Jumapili ya kwanza alikuja godauni amevaa koti jeupe, kalipiga pasi. Alikuja na kipimo cha presha cha kuazima, akatupima wote tukiwa tumekaa juu ya marobota.

"Mjomba, yako iko juu sana."

"Hiyo si presha, ni kodi ya godauni."

"Punguza chumvi. Na hasira."

"Nesi bado hajaiva, ameshaanza kutisha wagonjwa!"

Mwanakhamis alikuwa anacheka huku anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi presha yangu ilikuwa nzuri, na Swalha aliniambia hivyo kwa sauti ya kazi, kama hatujuani. Nilifurahi. Sijawahi kumwona mtu aliyekaa mahali pake namna ile.

Hata mwezi haujaisha, chuo kikawapeleka wanafunzi wageni polisi kuandikisha makazi. Swalha mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye kwa simu. Afisa aliweka pasipoti kwenye mashine, akatazama, akaiweka tena. Kisha akauliza, bila hata ukali, "Mwenye pasipoti hii aliondoka mwezi wa tatu, hajaingia tena. Wewe ni nani?"

Maisha yake yote Hafidh alikuwa akipitisha vitu visivyoulizwa swali hilo. Robota likitoka bandarini, limetoka, hakuna anayelingoja lirudi. Mtu akitoka wanaandika ametoka, na anabaki ametoka mpaka aingie kwa miguu yake. Sote tunajua hilo, kila mmoja wetu amepita Baiyun. Lakini mkono ukizoea mizigo, unamshika na mtu hivyohivyo.

Swalha akasema jina lake mwenyewe.

Walimweka mahabusu siku kadhaa. Mama yake hakuweza kukanyaga pale, naye angebaki ndani. Hafidh alisema ana kontena linapakiwa. Tukaenda mimi na Khatib, tukamkuta Daktari Liang ameshatangulia. Alikuwa amekaa mbele ya Swalha na mkoba wake magotini. Hakumgombeza. Khatib alinitafsiria alichokuwa akikisema.

"Kwa nini hukuniambia? Mwaka mmoja ningekungoja. Barua ningeiandika kwa jina lako, na nafasi ningekuombea tena. Sasa nimewaandikia kwamba namjua Hasna. Mimi simjui Hasna."

 

Walimpandisha Swalha ndege na kumfungia njia ya kurudi kwa miaka mingi. Mama yake alimuaga kwa simu, amekaa juu ya ndoo jikoni, mlango kaufunga. Mabegi nilimfungia mimi. Niliandika juu yake, kwa herufi kubwa, SWALHA YASIR, jina lake na la baba yake. Sikumuuliza.

Unguja amekwenda vyuo vya afya. Kila mahali wanataka cheti cha kidato cha nne, na masomo ya sebuleni kwa Auma hayana cheti. Sasa anasoma jioni, darasa moja na watoto, aanze upya. Huwa ananitumia salamu. Hajawahi kuniuliza habari za hospitali.

Juzi Careen, mke wa fundi simu mmoja, alishikwa na uchungu, mumewe yuko safarini mji wa Yiwu. Alikuja godauni kwa kuwa zamani Swalha alikuwa akipatikana hapa. "Yule wenu wa hospitali yuko wapi?" akauliza, kajishika kwenye robota. Nikampeleka mwenyewe kwa teksi. Kule nilimwekea simu inayotafsiri mbele ya mdomo, akalia, simu ikatafsiri kilio chake kuwa kitu ambacho nesi hakukielewa.

Daktari Liang akatoka wodini. Alinitambua. Kisha akatazama nyuma ya bega langu, kwenye korido, aone ni nani mwingine aliyekuja na mimi.