Meza ya Mtakatifu Joji

Alfajiri ya sikukuu ya Mtakatifu Joji, Stamena alikwenda mtoni akakata matawi ya mierebi, akayasuka pamoja na maua, akalitundika shada langoni. Wasichana wa kijiji walikuwa wakirudi kutoka malishoni na maua yao mikononi, wakicheka. Walipofika mbele ya lango lake wakanyamaza. Walipokwisha kupita, kicheko kikaanza tena.

Mtakatifu huyo alikuwa mlinzi wa nyumba yao tangu enzi za babu wa mumewe. Siku yake haalikwi mtu. Anayekumbuka huja mwenyewe, akala, akanywa, akaondoka akiyumba. Miaka yote viti havikutosha, ikabidi waazime mabenchi kwa Persa, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Umempikia nani vyote hivi?" aliuliza Miladin, mumewe, akifunga vifungo vya suti yake nyeusi.

"Wageni."

"Wageni gani, mwanamke wewe?"

"Nduguyo Tihomir hawezi kukosa."

"Tihomir kapita jana na trekta. Hata shingo hakugeuza."

Stamena akazipanga upya sahani ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Tangu vuli watu walikuwa wakiwakwepa kama wenye ukoma. Vukan, mtoto wao wa pekee, alitoka harusini na Jagoda, binti wa Persa, akisema atamfikisha kwao kwa gari. Gari likaacha barabara, likaugonga mti wa jozi. Vukan alivunjika mkono. Jagoda alikufa palepale. Mahakamani Stamena alikula kiapo kwamba mwanawe hakuonja kileo siku ile, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyemsihi aache chupa. Vukan akafungwa vilevile, na sasa walikuwa wakingoja rufaa.

Adhuhuri Miladin aliwasha mshumaa, akaukata mkate, wakaomba wawili tu. Kisha wakakaa. Mafuta yakaganda juu ya nyama ya mwana-kondoo. Nyumba ya tatu kutoka kwao nao walikuwa wakimsherehekea mtakatifu huyohuyo. Kodiani ikalia, watu wakaimba.

Lango likalia. Stamena aliruka, akajifuta mikono.

Aliyeingia alikuwa Persa, amejitanda nguo nyeusi. Alifanya ishara ya msalaba, akachota kijiko kimoja cha ngano iliyochemshwa kwa sukari, akala amesimama.

"Karibu, dada yangu. Keti."

"Sikai. Jagoda wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika hapa kila mwaka. Nimekuja kwa niaba yake."

"Persa, nisamehe. Mimi pia ni mama, najua..."

"Hujui. Wako unampelekea soksi gerezani. Mimi wangu nimpelekee nini?" Alikishika kijiko kwa nguvu. "Sikutaka afungwe maisha, Stamena. Nataka kitu kimoja tu. Sema hapa, mbele ya huu mshumaa. Alikuwa amelewa?"

Miladin aliinua macho akamtazama mkewe. Wakili alikuwa amewaonya wasibadilishe hata neno. Akilini alimwona Vukan nyuma ya kioo cha chumba cha wageni gerezani, amekonda, kanyolewa. Alimwona na Jagoda pia, anaingia kwa mlango uleule akidai kipande cha mkate chenye ganda.

"Hakuwa amelewa," akasema.

Persa alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua. Akakiweka kijiko mezani, akatoka.

Miladin akavua koti, akalitundika kwenye kiti. Akaenda bandani, akarudi na jembe, akaingia kwenye mizabibu iliyo kando ya barabara, akaanza kulima na shati lake jeupe. Kazi siku hiyo ilikuwa mwiko; katika kijiji kizima hakuna aliyegusa hata kisu cha kupogolea.

"Miladin! Unafanya nini? Leo ni sikukuu!"

"Ya nani?" alijibu bila kugeuka.

Kodiani ikakatika. Wageni wa nyumba ya tatu wakatoka uani na glasi zao, wakasimama wakitazama. Jembe lilipanda, likashuka, na udongo wa masika, mweusi na laini, ukaendelea kufunguka miguuni pa mumewe.