Neno la Dastan

Neno moja tu lilikuwa limemweka Dastan rumande tangu msimu wa kahawa. Mama yake, Kokushubira, alitoka Bweranyange hadi mahakamani Kayanga akiwa amevaa kitenge chake cha Jumapili. Watu wasije wakadhani ni mama wa muuaji.

Jirani yao Elpidius alikutwa amekufa kwenye migomba. Aliyemkuta ni Dastan, na polisi wakarekodi sauti yake akieleza. Kama wenzake wote wa huko, alianza kwa Kinyambo, akatelezea kwenye Kiswahili bila hata kujua. Mashine ya akili mnemba ikatafsiri yote kama Kinyambo. Kijana aliposema "nikamwita", ikaandika "nikamuua", kwa sababu kwa Kinyambo kwita ni kuua. Akili gani hiyo, jamani!

Wakili wake, Joanitha, binti wa Kihaya kutoka Muleba, alisimama.

"Mheshimiwa Jaji, nina haki ya kumhoji kila anayetoa ushahidi dhidi ya mteja wangu. Huyu shahidi wa mashine nitamhoji vipi? Naomba sauti yenyewe isikilizwe na watu."

"Mashine haina upendeleo," wakili wa serikali akapinga. "Haina ndugu wala adui."

"Wala haina kwao," Joanitha akajibu.

Jaji akakubali. Sauti ya Dastan ikasikika, anahema: "Nikamwita, hakuitika. Nikamwita tena, hakuitika."

"Alimuua mara mbili?" Joanitha akauliza. "Halafu anailalamikia maiti kwamba haiitiki?"

Mahakama nzima ikacheka. Mkalimani wa Kinyambo akaapishwa, akathibitisha kwamba hicho ni Kiswahili. Kwa Kinyambo kijana angesema nkamweta. Jaji akaikataa tafsiri ya mashine, na kwa kuwa hapakuwa na ushahidi mwingine, Dastan akaachiwa huru. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wakili wa serikali alikuwa wa kwanza kumpa Joanitha mkono.

Nje, Kokushubira alimkumbatia mwanawe mpaka kitenge kikalowa machozi. Kisha akamgeukia wakili, binti wa umri wa kitindamimba wake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, wakili."

"Mama! Mimi ndiye wa kukuamkia!"

"Utaniamkia kesho. Leo pokea."

Joanitha akainamisha kichwa.

"Marahaba, mama."