Matairi ya Mashindano na Goti la Mama Mkwe

Kikao kiliitwa kwa sababu yangu, na mpaka sasa sijaona nilichokosea.

Chama cha mbio za magari kilikuwa kimegawa matairi mapya kwa timu zote, ya mbio za kufunga msimu. Sharti lilikuwa kwamba asiyajaribu mtu kwa faragha. Siku ya majaribio ingekuwa ya wote, uwanjani, mbele ya kamati. Binti yangu, ambaye kila msimu anamaliza wa pili, aliyapanga yake barazani, akayafunika kwa shuka langu zuri, akaenda kazini.

Asubuhi hiyo hiyo mama mkwe alikuwa na miadi hospitalini, goti lake. Natoka nje, gari langu limeinamia upande mmoja. Pancha. Spea nilikuwa nimemwazima shemeji, na shemeji akiazima kitu, umekiaga. Gari la binti na langu ni aina moja, rimu zinaingiliana. Matairi mazima yamelala barazani hayana kazi, na mama wa watu kasimama mlangoni na mkoba wake anauliza tunaenda au hatuendi. Nikapiga jeki. Nilifunga mawili ya mbele, maana moja peke yake lisingelingana na mwenzake. Tukaenda, tukarudi, nikaliegemeza gari juu ya mawe, nikayafungua, nikayapangusa vumbi na kuyarudisha chini ya shuka.

Sasa kumbe Wakili naye alikuwa hospitalini na jino lake. Huyu ndiye baba wa kijana anayempita binti yangu kila mwaka. Aliyatambua matairi kwa mstari wa njano ubavuni, akalipiga gari langu picha. Hata salamu hakunipa.

Chumba cha chama kiko nyuma ya karakana. Kila kompresa ikiwaka, mwenyekiti ananyamaza, ikizima anaanza sentensi upya. Wakili alitaka binti yangu aondolewe kwenye mbio. Nikamwambia nilikwenda hospitali, sikwenda majaribio. Akajibu kwamba kanuni haiulizi mtu alikuwa anakwenda wapi. Mjumbe mmoja akataka kujua mwendo wangu. Nikamweleza kwamba ukiwa na mama mkwe kiti cha nyuma, hupiti hata baiskeli. Wakaanza kubishana kama tairi linajaribiwa lisipokimbizwa. Watu wazima hao, na kazi zao.

Mwisho mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema, akanifungulia mlango wa kuponyokea.

"Mama, tunataka kujua kitu kimoja tu. Ulijifunza chochote kuhusu haya matairi?"

Binti akanikanyaga mguu chini ya meza. Jibu lililotakiwa lilijulikana na kila mtu. Lakini mimi nimeulizwa.

"Nilijifunza. Yakiwa baridi yanateleza, kona ya kulia ndiyo zaidi. Yakipata moto yanashika. Halafu yana kelele, humsikii aliyekaa nyuma, na hilo sikulalamikia."

"Na binti yako ulimwambia?"

"Nimemzaa mimi. Nimwache ateleze?"

Binti akalaza kichwa mezani. Wakili akakusanya karatasi zake, akasema mambo yamekwisha, mshtakiwa kajisemea mwenyewe. Hapo nikachoka. Nikamuuliza: nilichokijua mimi, sasa hivi si amekisikia na yeye, na timu zote zilizomo humu? Faragha iko wapi tena?

Mwenyekiti akalidaka hilo kwa mikono miwili. Wakili akagoma. Kusikia si kuendesha, alisema. Labda kila timu ipewe safari kama yangu kabla ya mbio, la sivyo binti atoke. Alijua hawataweza.

"Safari kama yako," akanigeukia. "Njia ile ile, mwendo ule ule, uzito ule ule."

Mwenyekiti akaandika, akauliza nani anapinga. Hakuna aliyepinga. Na uzito ule ule ulikuwa nyumbani kwangu, umeegesha mguu kwenye mto.

Nilidhani atakataa. Sijamaliza kueleza, keshauliza anavaa gauni lipi. Kwa hiyo wiki hii nzima mama mkwe anachukuliwa mlangoni na magari ya mashindano, anakaa nyuma na mkoba mapajani, anapelekwa hospitali ambako hana miadi, anarudishwa. Kijana wa Wakili aliambiwa apunguze mwendo kila kona, na alirudi shati limelowa jasho. Jioni bibi anakaa sebuleni anatupangia madereva, nani ana breki za adabu, nani anashika usukani kama anakamua nguo. Mimi ananiweka wa mwisho. Binti yangu anacheka mpaka anashika mbavu.

Na acheke. Jumamosi anakimbia, na Wakili hana tena la kusema.

Gari langu bado liko juu ya mawe. Kamati nzima imejadili matairi, na pancha yangu hakuna aliyeiziba.