Masizi ya Gusheshe

Hivi wewe umewahi kulala ukuta kwa ukuta na gari, mpaka ukaijua pumzi yake kama unavyoijua ya mumeo? Seipati alilala hivyo tangu mumewe, Moatlhodi, alipojenga banda la gari likaegemea chumba chao, pale Ga-Rankuwa. Kwa hiyo Jumapili ile, akiwa uani anachochea moto chini ya chungu cha miguu mitatu, hakuhitaji kuambiwa. Gusheshe, kama walivyoliita gari lile, lilikuwa linamisi, linaruka mapigo.

Prrr, prrr, pa! Prrr, pa!

Lilikuwa gari jekundu, la kuzungushwa uwanjani mpaka matairi yafuke moshi. Moatlhodi alilitoa injini yake ndogo, akalipachika ya silinda sita yenye kabureta kubwa zinazokunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Seipati alikuwa akiendesha pikapu yao kupeleka mayai, lakini kiti cha dereva cha gusheshe hakuwahi kukikalia likiwa limewashwa. Alikitamani. Hakumwambia mtu.

"Ringi za pistoni hizo, kaka," alisema Phutego, jirani yao, ambaye kila Jumapili alikuja na kiti chake mwenyewe. "Inakula oili hiyo. Imekwisha."

"Kunywa bia yako, niache."

"Nakunywa. Na gari lako linakunywa."

Moatlhodi hakucheka. Alizima injini, akafuta mikono polepole. "Kama ni ringi, basi. Naitoa hii injini, narudisha ile ndogo, gari namwuzia yule bwana wa Mabopane. Kila siku analiulizia."

Mwiko ukasimama ndani ya chungu. Seipati alijua mumewe akishasema hivyo, mpaka Jumapili ijayo banda litakuwa tupu. Akafunika chungu, akasogea.

"Umepima kwanza, baba Keneilwe, au umepimiwa na Phutego?"

Basi Moatlhodi akaliwasha tena. Akajifunga kitambaa kizito mkononi, akaanza kuchomoa waya za plagi, mmoja mmoja. Ukichomoa wa silinda inayofanya kazi, injini inayumba. Ukichomoa wa silinda iliyolala, haina habari. Wa kwanza, injini ikayumba. Wa pili, ngurumo ile ile, kama hakuguswa mtu. Ule wa tano vilevile.

"Nilisema mimi!" Phutego akapiga paja.

Zikatolewa plagi zote, zikapangwa juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Nyeusi tititi, zote. Ya pili na ya tano zilikuwa zimejaa mpaka ile nafasi ndogo ya cheche haionekani.

"Oili," akasema Phutego, hata hajainama.

Seipati akainama. Akasugua moja kwa kidole gumba, akakitazama kidole. Kisha akaenda kwenye chungu, akagusa ubavuni upesi kwa kidole kingine, akarudi na vidole viwili vyeusi, akavinyanyua mbele ya mumewe.

"Kipi cha gari, kipi cha chungu?"

Moatlhodi alivitazama kimoja kimoja. "Sijui."

"Oili ingeng'aa, ingeteleza. Haya ni masizi makavu. Moto wangu nikiuacha unafuka tu bila kuwaka, chungu kinakuwa hivi hivi. Na wewe ndivyo unavyolifanya gari lako. Jumapili unalitoa, linanguruma hapa hapa uani, watu wanasifia, unalifuta, unalirudisha kulala. Halijakanyagwa tangu lini?"

Moatlhodi akakaa juu ya tairi. Polepole akaanza kucheka. "Na mimi mjinga nikalifunga plagi za baridi! Vijana wa uwanjani waliniambia ndizo. Zinapoa haraka ili zisiungue kwenye kuzungusha. Lakini usipozungusha hazipati joto, masizi yanakaa tu."

"Wewe unazungushaga shingo kuangalia nani anakusifia," akasema Phutego, na sasa wote watatu wakacheka.

Plagi zake za zamani zilikuwa kwenye kopo la jamu. Akazifunga, akawasha. Injini ikakohoa mara moja, ikatema moshi mweusi, kisha ikatulia, ikanguruma moja kwa moja kama paka aliyeshiba. Seipati akapakua ugali na kuku, mboga za majani pembeni, na wakala palepale uani wakilisikiliza.

"Nzima kabisa," alisema Moatlhodi, akilamba vidole. "Yule wa Mabopane atasubiri." Kisha akasugua goti lake la kushoto, na kwa mara ya kwanza akalisema. "Ila goti hili halitaki tena klachi, mama Keneilwe. Mimi ni wa kulitembeza taratibu tu."

Baada ya kula alizisugua zile plagi za baridi kwa brashi ya waya na petroli mpaka zikarudia rangi yake. Akazishika kiganjani, hajui aziweke wapi.

"Hizi nimpe Phutego akauze?"

"Usimpe," akasema Seipati.

"Za nini sasa?"

Seipati akafungua aproni, akaitundika kwenye kioo cha pembeni cha gusheshe.

"Zifunge tena Jumamosi. Miaka yote hiyo nimekaa kiti cha abiria, wewe unatoka dirishani gari likizunguka, watu wanapiga miluzi, mimi nashikilia mlango. Nataka kulizungusha mimi, baba Keneilwe. Uwanjani, watu wakitazama."