Rangi Alizopewa Tahani

Jumamosi asubuhi, mabakuli ya maharage yakiwa bado mezani, fundi Girgis alisogeza mkate pembeni akatandaza kadi zake za rangi, mia moja na arobaini kwa jumla. Tahani alivaa miwani ya marehemu babake akazipitia moja moja kwa saa mbili nzima. Hakuna aliyethubutu kumharakisha, kwa kuwa rangi zilikuwa zake.

"Nitachagua kuta zikishabomolewa," alisema mwishowe, akaomba chai.

Zilikuwa zake kihalali kabisa. Mzee aliacha nyumba moja tu, ghorofa ya tatu hapa mjini Minya, na watoto wawili: Rifaat, mwenye mke na watoto, na dada yake mkubwa Tahani, aliyekaa humo miaka kumi na tisa akiwauguza wazazi mmoja baada ya mwingine. Kwa watoto hao wawili, sheria inampa binti theluthi. Huku kwetu binti hupewa cha kumridhisha, bangili au safari ya Umra, kisha anatia sahihi kwamba hadai tena, na kaka mtu anasifiwa kwa ukarimu. Rifaat hata bangili aliionea uchungu. Alimwita ami yao Mawgud na majirani wawili, mimi nikiwa mmoja wao, akatumiminia chai, akasema:

"Dada, nyumba haikatwi vipande kama keki. Mimi na Sawsan tutabomoa kuta, jiko na sebule viwe ukumbi mmoja, siku hizi ndivyo watu wanavyoishi. Wewe tutakutengenezea kile chumba cha juu ya paa. Na rangi za nyumba hii nakupa wewe, zote. Wewe ndiye mwenye jicho."

"Zote?" Tahani aliuliza.

"Zote. Mimi sina neno."

"Zilizopo na zitakazopakwa?"

Rifaat alicheka. "Zilizopo na zitakazopakwa, bibie. Kunywa chai."

Wakaisomea Fatiha, kama inavyosomwa kwenye posa au nyati wa kufugwa akiuzwa. Tahani aliisoma yote. Lakini aliposogezewa karatasi ya sahihi, aliikunja mara nne akaitia kwenye droo ya vijiko.

"Rangi nimepokea," alisema. "Theluthi ni jambo jingine."

Jumatatu walikuja wabomoaji watatu wenye nyundo. Kufika adhuhuri, kuta zote tatu zilikuwa zimeshuka ngazi ndani ya magunia. Rangi zake zilibaki. Zilisimama palepale, nyembamba kama ganda la kitunguu: njano ya jiko, kijani ya sebule, na buluu ya chumba cha Tahani, ile aliyoipaka mwenyewe kwa chokaa na buluu ya kufulia mwaka aliorudi kumuuguza mama. Uwazi wa mlango ulikuwa mahali pake, na msumari ulikuwa bado umeshika kalenda. Wabomoaji waliosha mikono wakaondoka.

Girgis aligusa buluu kwa kidole. "Imeshika vizuri," alisema.

"Fundi, hizi unaziondoa lini?" aliuliza Sawsan, mke wa Rifaat.

"Muulize mwenyewe, si mimi."

Tahani alikuwa amekaa kwenye kiti akichambua majani ya mlenda. "Ya jiko iende," alisema bila kuinua macho. "Nimeitazama vya kutosha." Njano ikaanguka sakafuni kama unga. "Ya sebule nayo iende, sina ugomvi na wageni." Kijani ikaanguka. Girgis akafagia. "Ya chumba changu inabaki."

Ikabaki.

Sawsan alitaka rangi moja ya mchanga tangu mlangoni hadi dirishani. Nyumba za namna hiyo nazijua, jicho halina pa kupumzika, lakini yeye alikuwa na picha zake kwenye simu na alizililia miaka mitatu. Alhamisi, Tahani alipokwenda sokoni, Sawsan alimwamuru Girgis aipake ile buluu mikono miwili ya rangi ya mchanga, mmoja juu ya mwingine. Girgis ana watoto wa kulisha, akapaka. Tahani alipofungua mlango na vikapu vyake, rangi ya mchanga iliteleza yote mpaka chini, ikajikunja sakafuni kama shuka.

"Hii haikuchaguliwa, Bi Sawsan," Girgis alieleza.

"Kwa hiyo sebule yangu iwe na ukuta usiokuwepo?"

"Mbona upo? Tatizo ni kwamba si wako."

Rifaat alikuja akaisukuma buluu kwa viganja viwili. Ilibonyea kidogo, ikamrudisha. Akamwita ami Mawgud, aliyepanda ghorofa tatu akihema, akaitazama kalenda, akatikisa kichwa.

"Fatiha imesomwa, mwanangu. Kilichotolewa kimetoka."

"Nilitoa rangi, ami! Sikutoa ukuta!"

"Na ukuta si umeubomoa?" Tahani alijibu kutoka ndani. "Nani amekuomba ukuta? Ukitaka kuongea nami, piga hodi."

"Nipige wapi? Hakuna mlango!"

"Piga kwa mdomo."

Rifaat alisimama mbele ya ule uwazi, mbele ya ami yake na fundi, akasema hodi. Kwa jinsi nilivyomjua tangu utotoni, nilifurahi kupita kiasi.

Siku ya pili Tahani alimchagulia Sawsan mchanga wake, kuta zote zilizosalia. "Kila mtu aishi na rangi aliyoililia," alisema. Sawsan alinunua foronya za buluu ili vitu viendane. Kwenye uchumba wa binti yake, wageni waliusifia ukumbi, na mama wa bwana harusi aliuliza jina la fundi.

Mambo ya urithi wa mzee yalikwenda alivyotaka Rifaat. Hati ya nyumba inasomeka jina lake peke yake, theluthi haijatoka, na chumba cha juu ya paa kina njiwa. Karatasi bado iko chini ya vijiko, haina sahihi. Rifaat huitoa kila Idi, huiweka mbele ya dada yake pamoja na kalamu, na Tahani huirudisha alipoitoa.

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Ramadhani, Tahani huchanganya chokaa na buluu ya kufulia, kisha huongeza mkono mmoja kwa upande wake wa ndani. Mwaka huu umekuwa wa kumi na mbili. Girgis alipopita kusalimu, aliigonga kwa kifundo cha kidole, na ikaitika kama ukuta.

"Bado nyembamba," alisema.

"Sina haraka," Tahani alimjibu, akachovya brashi.