Jambia la Babu Yake Wiebke

Eckhard Lüttmann alikuwa mgonjwa wa majambia, tena mgonjwa wa kulazwa. Na si jambia lolote tu. Alitaka ya zimamoto, yale waliyovaa kiunoni siku za gwaride enzi za wafalme. Sebuleni alikuwa na kabati zima la vioo, na Jumapili wenzake wakiwa kanisani, yeye alikuwa akiyapaka mafuta moja moja. Mgeni akikohoa karibu na kabati alitolewa nje, maana unyevu huleta kutu.

Alilolipenda kuliko yote lilikuwa la marehemu babu yake Wiebke. Mjomba mmoja aliliuza bila kuuliza mtu. Wiebke, ambaye sasa ndiye mkuu wa zimamoto wa kujitolea pale kijijini, alikuja kuliomba kila mwaka, na kila mwaka alirudi mikono mitupu.

Basi Januari hiyo Eckhard, kwa ubahili wake, akawasha jiko kwa kuni mbichi za msonobari. Masizi yakashika moto ndani ya dohani, ndimi zikatokeza juu ya paa. Jirani akapiga simu. Gari jekundu likaja, Wiebke akaruka chini, wenzake wakaanza kukunjua mipira ya maji.

Weee! Eckhard akaziba mlango kwa mwili wake, ndara miguuni, akiapa kwamba nyumba ikitaka kuungua na iungue, lakini tone la maji haliingii. Dohani ilipita nyuma ya kabati lake.

"Mzee, tupishe," alisema Wiebke.

"Wiebke mwanangu, ukimwaga maji humo umenimaliza. Nitakupa chochote."

Wiebke akatazama paa, akatazama mipira, akakuna kidevu.

"Chochote?"

"La babu yako. Lichukue. Ila maji, hapana."

Akalitoa mwenyewe kabatini, machozi yakimlenga. Iliuma jamani, lakini heri kukosa moja kuliko yote.

Wakachota makaa jikoni kwa sepetu. Onno, msafisha dohani wa kijiji aliyeitwa haraka, akapanda juu na brashi yake ya mnyororo, akakwangua mpaka moto ukafa, na masizi wakayatoa kwa ndoo za chuma. Maji hayakuguswa. Eckhard akawapikia kahawa, akamsimulia Onno jinsi alivyowabembeleza zimamoto mpaka wakakubali kutomwaga maji.

Onno akaweka kikombe chini.

"Maji kwenye dohani inayowaka? Yangegeuka mvuke, dohani ingepasuka, ukuta wote ungekulalia. Nani angefanya wazimu huo? Mipira ile ni ya tahadhari, moto usije ukarukia paa."

Eckhard akamgeukia Wiebke. Jambia lilikuwa limeshachomekwa mkandani, juu ya koti lililojaa masizi.

"Ulijua?"

"Hilo tunafundishwa wiki ya kwanza," alisema Wiebke. "Nilidhani na wewe unajua, mzee. Miaka yote hii unakusanya vitu vyetu."

Eckhard akafungua mdomo kulidai jambia lake. Akaufunga. Kisha, kwa sauti ndogo, akamuuliza kama kikosi bado kinapokea watu wa umri wake.